Muuza Mac za mtumba aseme chipu kabla ya kupokea hela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Iringa aliyeandika wiki iliyopita kwamba kompyuta za Mac hazichezi gemu, na kwamba mzazi anayemnunulia mtoto wake Mac ametupa hela. Mimi ni fundi wa kompyuta, fremu yangu iko Mwanjelwa hapa Mbeya, na kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Mac za mtumba zinapita mezani kwangu kila wiki. Vijana wanaozileta huanza na maneno ya chaji na kioo, lakini wakishazoea sura yangu wanauliza kile walichojia hasa: mama, hii inacheza gemu za Windows?

Anayesema hazichezi kabisa amekosea. Lakini kuna kosa kubwa kuliko lake, nalo linafanywa na watu wanaojua. Ni ile kauli ya baadhi ya wauzaji kwamba Mac inacheza kila kitu, "unapiga Windows tu". Kauli hiyo inatoa hela kwenye mifuko ya watu wasio na hela ya kupoteza. Jibu la kweli linategemea mambo mawili yenye majina: chipu iliyomo ndani ya mashine, yaani ubongo wake, na gemu ambayo mtoto anataka kuicheza. Muuzaji asiyekutajia la kwanza, wala kukuuliza la pili, hajakuuzia kompyuta kwa haki.

Nitaeleza kilichonifanya nikae chini kuandika. Mama mmoja anayeuza viazi Uyole alimnunulia mwanawe MacBook Air baada ya kijana kupata nafasi ya chuo. Mashine yenyewe ni nzuri, sina neno nayo: yenye chipu ya M1, haina mikwaruzo, betri bado ina nguvu. Aliyemuuzia alimtoza bei ya mashine, kisha akamwongeza malipo ya "kupigiwa Windows" ili kijana aweze kucheza mpira na wenzake. Windows haikuwahi kupigwa, kwa sababu haiwezekani kupigwa kwenye mashine ile kwa namna aliyoahidiwa. Kijana alipewa flashi yenye faili, akaambiwa ataimalizia mwenyewe nyumbani. Walipokuja kwangu, yule mama alikuwa na swali moja, amelikunja kwenye kitenge pamoja na risiti: hela yangu ya viazi imeenda wapi? Risiti iliandikwa "laptop moja". Basi. Hakuna chipu, hakuna memori, hakuna mwaka.

Sasa nieleze, Mhariri, maana nikilalamika bila kueleza nitakuwa sijamsaidia mtu.

Mac zilizo sokoni kwetu ni za aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kuanzia mwaka 2006 kampuni ya Apple iliweka kwenye Mac chipu za Intel, zile zile za ukoo wa chipu zinazotumika kwenye kompyuta za Windows. Novemba 2020 ikaanza kutoa Mac zenye chipu yake yenyewe, M1, na baada ya hapo M2, M3 na kuendelea. Mwaka 2020 ndio unaowachanganya watu zaidi. Mwaka huo huo ilitoka MacBook Air yenye Intel na nyingine yenye M1, umbo moja, uzito wa karibu sawa, na ukizifunika huwezi kusema ipi ni ipi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ya 2020" hajakwambia kitu. Washa mashine, bofya alama ya tufaha juu kushoto, fungua mstari wa kwanza kabisa kwenye orodha. Ukiona neno "Chip" na mbele yake M1 au M2, ni ya Apple. Ukiona "Processor" na jina la Intel, ni ya zamani. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji, na muuzaji anayekuzuia usiangalie, mwachie mzigo wake.

Mac ya Intel inaweza kupigwa Windows kweli kweli. Apple yenyewe iliweka programu iitwayo Boot Camp inayogawa diski sehemu mbili, macOS, mfumo wa Apple, upande mmoja na Windows upande wa pili, na ukiwasha unachagua unaingia wapi. Ukishaingia Windows, mashine hiyo ni kompyuta ya Windows kama nyingine, gemu haijui kwamba iko ndani ya Mac. Hilo ndilo wauzaji walilolikariri miaka ile, na bado wanalirudia kwa mashine zisizohusika. Hata hapo kuna ya kusema. MacBook Air ya 2017 inatumia chipu ya picha ya Intel HD 6000, na hiyo inabeba gemu za zamani. Ukiipa gemu nzito ya leo itakuwa inakwamakwama. Diski ya gigabaiti 128 ukiigawa mara mbili hutabaki na nafasi ya gemu kubwa hata moja. Tena Windows inayokubalika rasmi kwenye Boot Camp ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Inafanya kazi bado, ila mtu asiitumie kwa mambo ya benki.

Mac zenye chipu ya M hazina Boot Camp. Haipo, haijafichwa, wala hakuna fundi wa Kabwe au wa Kariakoo anayeijua njia ya siri. Anayekutoza hela ya kupiga Windows kwenye M1 moja kwa moja kama ilivyokuwa kwenye Intel anakutoza kwa kitu ambacho hakipo. Kinachowezekana ni kuiendesha Windows ndani ya macOS, kama programu, kwa kutumia Parallels ambayo hulipiwa, au VMware Fusion ambayo tangu mwaka 2024 ni bure kwa matumizi binafsi. Windows yenyewe ni ile ya chipu za ARM, ukoo ambao chipu za M zimo, na tangu Februari 2023 Microsoft inatambua rasmi njia ya Parallels. Kwa kazi za chuo na programu za uhasibu njia hii ni safi, nimewawekea watu na wanashukuru. Kwa gemu ina mipaka. Gemu za Windows huchora picha kwa kitu kiitwacho DirectX; Parallels inafika DirectX 11, haifiki 12, na gemu nyingi mpya zinadai 12. Halafu mashine ya memori ya gigabaiti 8 inalazimika kulisha mifumo miwili kwa wakati mmoja, na Windows 11 peke yake haikubali chini ya 4. Kijana anaona gemu imefunguka, anafurahi, halafu inaganda.

Njia ninayoipenda ni nyingine, na ndiyo ambayo msomaji wa Iringa hakuitaja. Wengi hawajui kwamba gemu ya Windows inaweza kukimbia kwenye Mac bila Windows kuwepo kabisa.

Waliowahi kusali vijijini Usafwani watanielewa. Mhubiri anatoka mbali, anahubiri kwa Kiswahili, na pembeni yake amesimama mzee anayegeuza kila sentensi kuwa Kisafwa. Bibi aliye mbele hahitaji kujua Kiswahili ili apate neno, na mhubiri hahitaji kujifunza Kisafwa. Kazi yote iko kwa mkalimani, na mkalimani akiwa mzuri ibada inakwenda bila kusimama. Gemu ya Windows ndiyo mhubiri. Kila mara inaomba kitu: nifungulie faili, nipe sauti, nichoree ukuta huu, nisomee kitufe alichobonyeza. Inaomba kwa lugha ya Windows, na macOS haiisikii lugha hiyo. Anayesimama katikati anaitwa Wine, programu huria iliyoanza mwaka 1993 ili programu za Windows zikimbie kwenye Linux. Inalipokea ombi la Windows na kuligeuza kuwa ombi ambalo mfumo uliopo unalielewa.

Kwenye Mac ya M wakalimani ni watatu. Wine anashughulika na maombi ya mfumo. Rosetta 2 ya Apple anageuza maagizo ya chipu, kwa sababu gemu iliandikwa kwa chipu za Intel na AMD na chipu ya M ni ya ukoo wa ARM. Wa tatu ni wa picha. Gemu za Windows huchora kwa DirectX, Mac inachora kwa Metal, na mwaka 2023 Apple ilitoa kifurushi cha watengenezaji kiitwacho Game Porting Toolkit chenye mgeuzaji anayebadili Direct3D 11 na 12 kuwa Metal. Hicho ndicho kilichofungua mlango. Kabla yake gemu nyingi za DirectX 12 zilikuwa ndoto kwenye Mac. Kuna nyingine ziliendelea kukataa kwa sababu zilidai maagizo ya chipu yaitwayo AVX2 ambayo Rosetta hakuyajua, mpaka macOS Sequoia ya mwaka 2024 ilipomfundisha. Mimi nilisomea umeme, na nakwambia, Mhariri, nikiona gemu iliyoandikwa kwa mashine tofauti kabisa inakimbia laini kwenye laptopu isiyo hata na feni, na nikijua kila picha moja imepita kwa wakalimani watatu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, nasikia heshima kubwa kwa watu walioijenga. Wengi wao walifanya kwa kujitolea. Alexandre Julliard ameongoza mradi wa Wine tangu mwaka 1994. Hiyo ni miaka mingi kuliko umri wa vijana wote wanaokaa kwenye benchi langu.

Kwa mtumiaji wa kawaida, namshauri CrossOver. Inatengenezwa na kampuni ya CodeWeavers ya Minnesota, Marekani, ambayo imewaajiri watu wengi wa Wine, na ndani yake wakalimani wote wamepangwa tayari. Ina majaribio ya bure ya siku 14, na baada ya hapo ni dola 70 na ushei. Kwa mkulima hiyo ni hela, silifichi hilo. Lakini siku 14 zinatosha kujua kama gemu yako inakubali kabla hujatoa hata senti, na nani mwingine sokoni Mwanjelwa anakupa kitu wiki mbili ujaribu? Palikuwa na programu ya bure iitwayo Whisky iliyopendwa sana na vijana. Mwaka 2025 aliyekuwa akiitengeneza aliisimamisha. Bado inasambazwa kwenye flashi, nami nawaambia wateja waiache, kwa kuwa haipati matengenezo tena. Anayeweza kutumia mistari ya amri anaweza kuweka Wine yenyewe bila kulipa, na ninaye kijana mmoja wa Iyunga aliyefanya hivyo kwa kusoma mwenyewe. Sasa hivi anajua faili za mfumo kuliko baadhi ya wenye vyeti.

Nikisema gemu zinakubali nina maana ya zipi? GTA V ile hadithi ya mchezaji mmoja inakubali, ingawa programu ya Rockstar inayoifungua husumbua mwanzoni. GTA San Andreas ina kisa chake. Ilikuwa na toleo rasmi la Mac la mwaka 2010, nalo lilikufa mwaka 2019 pale macOS Catalina ilipoacha kukubali programu zote za biti 32. Toleo la Windows la gemu hiyo hiyo, ambalo nalo ni la biti 32, linakimbia kupitia CrossOver, kwa sababu CodeWeavers walitafuta njia ya kuzungukia katazo hilo. Yaani leo kwenye Mac, toleo la Windows linaishi na toleo la Mac limekufa. Kwenye tovuti ya CodeWeavers kila gemu ina nyota, hadi tano, kwa jinsi inavyokubali. Andika jina la gemu, soma nyota, ndipo uamue.

Na zile zisizokubali? Hapa ndipo penye maumivu ya vijana wetu, kwa sababu wanachotaka wengi ni mpira na bunduki vya kucheza na wenzao mtandaoni. Gemu hizo zina walinzi wa kuzuia udanganyifu, na walinzi wa siku hizi hawakai mlangoni, wanaingia hadi kwenye kiini cha Windows, mahali panapotawala mfumo mzima. Wine haina kiini hicho. Inageuza maombi, haimbebi Windows mwenyewe tumboni. Mlinzi akitafuta kiini asikikute, anahesabu kwamba unadanganya au anagoma kufunguka. Valorant haiingii kwa njia hii. Gemu ya mpira ya EA imekuwa na mlinzi wa namna hiyo kwenye kompyuta tangu FIFA 23, na EA Sports FC zimemfuata. GTA Online nayo iliwekewa mlinzi aitwaye BattlEye Septemba 2024. Hakuna fundi wa kuliondoa jambo hili. Anayekwambia ana "kraki" ya kumzima mlinzi anataka kukuwekea faili zisizojulikana kwenye kompyuta yenye vyeti vyako vya shule, na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Nilimweleza hivyo kijana wa yule mama wa Uyole, taratibu, mama akiwa amekaa pale pale. Sikutaka atoke na matumaini ya uongo mara ya pili. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia: mpira aliotaka kuucheza na marafiki zake ndio hasa uliozuiwa, na mtu aliyepokea hela ya mama yake alilijua hilo au alipaswa kulijua. Tulichofanya ni kuangalia gemu zilizotengenezewa Mac moja kwa moja, kwa sababu zipo kuliko watu wanavyodhani. Football Manager ina toleo la Mac. Si mpira wa kukimbiza kwa vidole, ni wa kuongoza timu, kununua wachezaji na kupanga mfumo, na yule kijana anaijua ligi kuliko watangazaji. Euro Truck Simulator 2 nayo ina toleo la Mac, na kwa vijana wa barabara kuu ya Tunduma, waliokua wakihesabu malori na mabasi, hiyo hawahitaji kuhubiriwa. Farming Simulator 25 ipo pia. Kwa wanaotaka gemu kubwa za kisasa, Resident Evil Village ilikuja Mac mwaka 2022, Baldur's Gate 3 mwaka 2023, na Cyberpunk 2077 Julai 2025, ingawa hizi zinadai mashine yenye nguvu na diski pana. Lakini si kila gemu inakuja Mac, nyingine zinaondoka: Counter-Strike ilikuwa na toleo la Mac kwa miaka mingi, na Counter-Strike 2 ilipotoka mwaka 2023 kampuni yake, Valve, ikaiacha Mac nje.

Wapo watakaosema dawa ni kucheza kupitia intaneti, gemu ikimbie kwenye kompyuta ya mbali na wewe upokee picha tu. Kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani labda. GeForce NOW, mojawapo ya huduma hizo, inaomba kasi ya megabiti 25 kwa sekunde kwa picha ya 1080p. Piga hesabu, ni zaidi ya gigabaiti 11 kwa saa moja ukiitumia yote. Kijana wa bando la wiki atalimaliza kabla mechi haijafika mapumziko. Kwa sababu hiyo hiyo ya bando, nawashauri wanaocheza kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wanakili folda ya gemu kutoka diski ya rafiki badala ya kuishusha upya, mradi kila mmoja ameinunua kwenye akaunti yake. Steam itakagua faili na kushusha kile tu kinachopungua. Kwa gemu ya gigabaiti mia huo ni uokoaji wa kweli, na haumwibii mtu.

Kuna jambo moja la mbele ambalo sijaona gazeti lolote la Kiswahili likiliandika. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta, yule mkalimani wa chipu, ataendelea kikamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo itabakizwa sehemu yake kwa ajili ya baadhi ya gemu za zamani. Vile vile macOS 26, iitwayo Tahoe, ndiyo ya mwisho kukubali Mac za Intel. Maana yake mwenye Mac ya M anayecheza gemu za Windows asikimbilie kila sasisho kubwa linapotoka. Asome kwanza kama CrossOver yake inalikubali. Na anayeuziwa leo Mac ya Intel kwa bei ya Mac ya M anaibiwa mara mbili. Naziona zikiuzwa hivyo, hapa Mbeya na hata Makambako, kwa wazazi wanaoamini alama ya tufaha mgongoni inatosha.

Najua baadhi ya wasomaji wataona ni ajabu mama mtu mzima kuandika barua ndefu kuhusu gemu. Vijana waliokaa kwenye benchi langu wakipambana kuifungua gemu moja wamejifunza chipu ni nini, memori ni nini, diski inagawanywaje, kosa lililoandikwa kwenye kioo linasomwaje na linatafutiwaje jibu. Hakuna aliyewalazimisha. Mmoja wao sasa ananisaidia kazi na nimempa funguo za fremu. Mtoto anayetaka kitu kwa nguvu namna hiyo anastahili kujibiwa kwa ukweli na mtu mzima, hata kama ukweli wenyewe ni "hii haitakubali".

Kwa hiyo ninaomba mambo ya kutekelezeka. Wauzaji wa laptopu za mtumba, kuanzia Mafiati hadi Miyomboni na Njombe mjini, waandike kwenye risiti aina ya chipu, memori, ukubwa wa diski na mwaka. Ni mstari mmoja wa kalamu, na ukiwepo mnunuzi ana kitu cha kushika anapokwenda kudai. Wazazi waende dukani na jina la gemu, au jina la programu ya chuo, wakalitaja kabla ya kufungua pochi. Asiyejua kusoma Kiingereza cha kwenye kioo aende na kijana wa jirani. Nanyi wahariri, mna ukurasa wa teknolojia ambao kila wiki unatuonyesha simu mpya za mamilioni. Tengeni nafasi ya kueleza mashine ambazo watu wetu wanazinunua kweli, zile za mkono wa pili, kwa Kiswahili na kwa majina ya chipu. Nikihitajika kuchangia niko tayari, bila malipo.

Yule mama hajarudishiwa hela ya kupigiwa Windows. Muuzaji alisema risiti haionyeshi malipo hayo, na ni kweli haionyeshi. Tumeandika maelezo yake kwenye karatasi, nimeyasaini kama fundi niliyeikagua mashine, na Jumatatu anayapeleka kwa mtendaji wa kata.

Fundi wa kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya